Kadi ya ukaazi kwa familia mjini Bujumbura: mwongozo kwa wenye kazi zisizo na saa maalumu

BUJUMBURA – Sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Kobero kabla ya kufika Bujumbura, na mingine huletwa kwa meli kutoka Kigoma. Kazi hiyo imewaleta mjini madereva, mafundi, mawakala wa forodha, makuli, wahudumu wa hoteli na wachuuzi kutoka nchi jirani. Wengi wamepanga nyumba Buyenzi, Bwiza na Kinama, na baada ya muda huwaleta wake, waume na watoto.

Hapo ndipo suala la kadi ya ukaazi huanza. Mwenye kazi ya ofisini, anayelipwa kila mwisho wa mwezi na kurudi nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni, hana shida kubwa ya kuandaa faili la familia yake. Lakini dereva anayekaa barabarani siku kumi, mlinzi wa usiku au muuguzi wa zamu hukuta kwamba utaratibu umewekwa kwa ajili ya mtu anayepatikana mchana. Hapatikani siku ya kutia saini, kipato chake hakilingani mwezi hadi mwezi, na mkuu wa mtaa pengine hamfahamu kwa sura.

Hakuna kifungu katika sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachomnyima mtu haki ya kuishi na familia yake kwa sababu ya saa zake za kazi. Kinachokwamisha maombi mengi ya aina hii ni karatasi. Makala hii inaeleza namna ya kuigeuza kazi isiyo na saa kuwa ushahidi unaoeleweka mezani kwa afisa, na namna ya kuamua nani kati ya mume na mke awe mwombaji mkuu.

Sheria zinazohusika

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, siku moja na Rwanda. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Arusha tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Vifungu viwili vya Itifaki hiyo ndivyo msingi wa suala hili.

Kifungu cha 10 kinahusu wafanyakazi. Kinampa raia wa nchi mwanachama anayeajiriwa katika nchi nyingine mwanachama haki ya kuandamana na mwenzi wake wa ndoa na mtoto wake. Kinaongeza jambo ambalo waombaji wengi hawalijui: mwenzi huyo naye ana haki ya kuajiriwa au kujiajiri katika nchi hiyo.

Kifungu cha 14 kinahusu ukaazi. Haki ya kukaa inamgusa mfanyakazi au aliyejiajiri, kisha mwenzi wake, mtoto wake na wanaomtegemea. Kwa maneno mengine, haki ya familia inaning'inia kwenye haki ya mtu mmoja. Kibali cha mtu huyo kikiisha au kikifutwa, kadi za wengine nazo hutetereka.

Itifaki haikufungua milango yote. Kila nchi iliweka orodha ya aina za kazi ilizokubali kuzifungulia raia wa nchi nyingine, na ajira za utumishi wa umma hazimo isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu. Nchi pia inaweza kuweka mipaka kwa sababu za usalama, afya ya jamii au utulivu wa umma.

Upande wa Burundi, anayeshughulika na wageni ni Kamisheni Kuu ya Uhamiaji, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa cha CGM. Wakazi wa siku nyingi bado huiita PAFE, jina la idara ya polisi iliyokuwa na kazi hiyo zamani. Sheria ya uhamiaji inayotumika ni ya tarehe 5 Novemba 2021.

Ajira iko nchi gani?

Hili ni swali la kwanza, na ndilo linalowaangusha madereva wengi. Dereva wa Kitanzania aliyeajiriwa na kampuni ya Dar es Salaam, anayeleta mzigo Bujumbura mara mbili kwa mwezi, ni mpita njia kwa macho ya Uhamiaji hata kama amepanga chumba Buyenzi kwa miaka mitano. Mkataba wake uko Tanzania, kwa hiyo si rahisi kuutumia kuomba kadi ya familia Burundi.

Dereva mwenye mkataba na kampuni ya usafirishaji iliyosajiliwa Burundi yuko katika hali nyingine. Yeye ni mfanyakazi ndani ya Burundi, hata kama nusu ya siku zake anazimalizia Singida, Nzega na Kahama. Tofauti kati ya madereva hawa wawili ni mahali mkataba ulipofungwa, na siku walizolala Bujumbura zinaweza kuwa sawasawa.

Kwa aliyejiajiri, ushahidi ni usajili wa biashara pamoja na namba ya mlipa kodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR. Biashara husajiliwa katika dirisha moja la Wakala wa Maendeleo wa Burundi, ADB. Mchuuzi anayelipia meza sokoni bila usajili wowote atapata taabu kuonyesha kwamba ana shughuli inayoweza kubeba kadi za watu wengine.

Nani awe mwombaji mkuu?

Desturi ni kwamba mume ndiye anayeomba na mke anafuata kama mtegemezi. Itifaki haisemi hivyo. Inataja mfanyakazi na mwenzi wake, bila kubagua nani ni mwanamume na nani ni mwanamke.

Kwa familia yenye kazi za saa zisizotabirika, uamuzi huu una uzito. Chukua mfano wa mume ambaye ni dereva wa safari ndefu na mke ambaye ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi. Kipato cha mume huenda ni kikubwa zaidi, lakini mkataba wa mke hauyumbi, malipo yake yanapita benki na yeye yupo mjini kila siku ya kazi. Katika hali hiyo ni busara mke awe mwombaji mkuu na mume aingie kama mwenzi. Mume hapotezi haki ya kufanya kazi, kwani Kifungu cha 10 kinamruhusu.

Kanuni ya kuchagua ni rahisi: mwombaji mkuu awe yule mwenye karatasi imara, yaani mkataba wa muda mrefu, malipo yenye kumbukumbu na uwezekano wa kufika ofisini akiitwa. Ukubwa wa mshahara uje baadaye.

Kuna hasara moja ya kupima. Kwa kuwa kadi za familia zinafuata kibali cha mwombaji mkuu, yule aliye katika hatari zaidi ya kupoteza kazi asiwe nguzo. Kampuni ya dereva ikiuza malori yake, familia nzima inaweza kujikuta inaanza upya.

Ndoa inayotambuliwa

Kadi ya mwenzi hutolewa kwa aliyeoa au kuolewa kisheria. Burundi ina msimamo mkali katika hili. Sheria ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993 inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa usajili wa raia katika tarafa. Ndoa ya msikitini, ya kanisani au ya kimila peke yake haitoshi, na ndoa ya wake wengi imepigwa marufuku. Mwaka 2017 serikali ya Rais Pierre Nkurunziza iliwapa watu wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria hadi mwisho wa mwaka huo wawe wamesajili ndoa zao.

Kwa wanaotoka nchi jirani kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni cheti. Ndoa ya Kiislamu iliyofungwa Kigoma ni halali Tanzania chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini hati ya msikitini ikiwa peke yake mfukoni haimsaidii mwombaji Bujumbura. Inatakiwa ndoa iwe imesajiliwa na cheti kiwe cha serikali, ambacho Tanzania Bara hutolewa na RITA.

Wa pili ni mke wa pili. Sheria za Tanzania na Kenya zinaruhusu ndoa ya wake wengi kwa masharti. Burundi hairuhusu. Mwanamume mwenye wake wawili asitarajie kupata kadi mbili za mwenzi. Mke wa pili mwenye kazi au biashara yake anafanya vema kuomba kwa jina lake mwenyewe.

Watoto nao wanahitaji vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha majina ya wazazi wote. Mtoto akizaliwa Bujumbura, anapaswa kuandikishwa tarafani ndani ya siku 15. Baba aliye safarini siku hizo asiliache jambo hilo hadi arudi. Muda ukipita, kuandikisha kunakuwa kazi ndefu yenye gharama.

Daftari la kaya huja kabla ya kadi

Katika mitaa ya Bujumbura kila nyumba inatakiwa kuwa na daftari la kaya, ambalo watu huliita kwa Kifaransa *cahier de ménage*. Humo huandikwa majina ya wote wanaolala katika nyumba, wakiwemo wapangaji, watumishi wa ndani na wageni. Daftari hupitiwa na viongozi wa mtaa.

Daftari hili lina umuhimu wa aina mbili. Kwanza, ndilo msingi wa kupata hati ya makazi kutoka kwa viongozi wa mtaa, ambayo huingia katika faili la kadi. Pili, ndilo polisi huliomba wanapofanya msako wa alfajiri, misako ambayo ilizidi baada ya mgogoro wa 2015. Nyumba huzungushiwa kabla ya jua kuchomoza, watu hutolewa nje na majina hulinganishwa na daftari.

Hapo familia ya mfanyakazi wa usiku huumia. Mwenye paspoti yenye muhuri na mkataba wa kazi yuko kazini au yuko njiani. Aliyebaki nyumbani ni mke na watoto, na karatasi zao zote zimo katika begi la dereva aliye Nyakanazi. Jina lisipokuwa daftarini, maelezo kwamba "baba watoto yuko safari" hayana uzito.

Tahadhari ni nyepesi na hazina gharama kubwa. Familia iandikwe daftarini mara inapofika, bila kusubiri kadi. Mfanyakazi naye aandikwe, pamoja na maelezo kwamba anafanya kazi ya zamu au ya safari, na mkuu wa mtaa aelezwe hilo mapema kwa heshima. Kila mtu mzima abaki na paspoti yake mwenyewe. Nakala za mkataba na kibali cha mfanyakazi zibaki nyumbani, zikiwa zimethibitishwa kuwa ni nakala za kweli. Risiti ya kuonyesha kwamba maombi ya kadi yamepokelewa isitoke nyumbani hata siku moja.

Kuthibitisha kazi isiyo na saa

Afisa anayepokea faili anataka kujua mambo matatu: kama kazi ipo kweli, kama itaendelea, na kama inatosha kuilisha familia. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, karatasi moja inajibu yote. Kwa mwingine, karatasi kadhaa hukusanywa zisaidiane.

Mkataba wa maandishi ndio wa kwanza. Makubaliano ya mdomo ni ya kawaida sana katika malori na bandarini, lakini hayabebi faili. Mkataba utaje kazi, muda, kiwango cha chini cha malipo na aina ya saa za kazi. Sentensi moja inayosema kwamba mfanyakazi anafanya kazi kwa zamu au kwa safari huondoa maswali mengi baadaye.

Barua ya mwajiri ni ya pili. Barua nzuri haishii kusema kwamba fulani ni mfanyakazi wetu. Inaeleza mpangilio: safari ngapi kwa mwezi, au zamu ngapi za usiku kwa wiki, na kwamba kutokuwepo kwake mjini ni sehemu ya kazi.

Uthibitisho wa michango katika mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS, ni wa tatu. Mwajiri anayemwandikisha mfanyakazi INSS anaonyesha kwamba ajira si ya kubuni.

Kumbukumbu za malipo ni za nne. Anayelipwa kwa safari apeleke taarifa ya benki ya miezi sita au zaidi, ili mwezi mbaya ufidiwe na mwezi mzuri. Wastani wa miezi sita unaeleza ukweli kuliko hati ya mshahara ya mwezi mmoja. Anayelipwa taslimu aombe mwajiri amtilie saini katika kitabu cha malipo, au afungue akaunti miezi kadhaa kabla ya kuomba.

Suala la sarafu nalo linahitaji uangalifu. Baada ya Benki ya Jamhuri ya Burundi kushusha thamani ya faranga mwezi Mei 2023, pengo kati ya bei rasmi ya dola na bei ya mtaani lilirudi na kupanuka. Mshahara wa dola ukigeuzwa kwa bei rasmi unaonekana mdogo, na ukigeuzwa kwa bei ya mtaani mwombaji anajiletea maswali mengine. Ni salama kuandika kiasi katika sarafu ileile iliyolipwa na kuacha hesabu kwa afisa.

Vyeti kutoka nje ya nchi

Cheti cha ndoa, cha kuzaliwa na cha kutokuwa na makosa ya jinai vikitolewa nje ya Burundi vinahitaji kuthibitishwa. Njia inategemea nchi. Burundi imo katika Mkataba wa Hague wa kuondoa uthibitishaji wa kibalozi, ambao ulianza kutumika kwake Februari 2015. Rwanda iliingia katika mkataba huo na ulianza kutumika kwake Juni 2024, hivyo cheti cha Rwanda chenye muhuri wa apostile hakihitaji kuzungushwa ubalozini. Kwa vyeti vya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, njia ya kawaida ni wizara ya mambo ya nje ya nchi husika, kisha ubalozi wa Burundi.

Hati zilizoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza zinaweza kudaiwa tafsiri ya Kifaransa kutoka kwa mfasiri aliyekula kiapo. Majina yakaguliwe herufi kwa herufi. "Mwajuma" katika cheti na "Muajuma" katika paspoti ni watu wawili mbele ya karani.

Kwa dereva kuna nafuu hapa. Safari yake ya Dar es Salaam inaweza kufanya kazi mbili, kuchukua mzigo na kufuatilia cheti, mradi ajue mapema anachotakiwa kurudi nacho. Kinyume chake, waliohitaji vyeti kutoka Rwanda walipata taabu Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda tarehe 11 Januari 2024. Somo ni kwamba cheti kichukuliwe wakati njia ipo, si wakati kinapodaiwa.

Kupanga siku

Kanuni za Soko la Pamoja zinampa mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 muda wa siku 15 za kazi, tangu kufunga mkataba, kuomba kibali cha kazi. Mamlaka nayo inapewa siku 30 kukitoa. Kibali cha kwanza kinaweza kufikia miaka miwili na huweza kuongezwa.

Siku 15 za kazi ni wiki tatu za kalenda. Tuseme dereva anatumia siku tatu kwenda Dar es Salaam, nne kusubiri mzigo, nne kurudi pamoja na forodha, kisha anapumzika Bujumbura siku tatu. Huo ni mzunguko wa siku 14. Ndani ya wiki tatu atakuwa mjini kati ya siku tatu na sita tu. Siku tatu zikiangukia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, amebakiwa na siku moja ya ofisi. Uhaba wa mafuta ambao umeisumbua Burundi mara kwa mara tangu 2021 unaweza kumla hata hiyo moja kwenye foleni.

Ofisi za serikali kwa kawaida hufungua saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja na nusu. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za jamii. Kwa hiyo mpango ufuate hatua hizi:

1. Kabla ya kutia saini mkataba, vyeti vya ndoa na vya watoto viwe tayari. Saa ya siku 15 huanza kuhesabiwa na mkataba, kwa hiyo mkataba uje mwisho.

2. Mwenzi aliyepo mjini afanye yote yasiyohitaji mwombaji mkuu: daftari la kaya, hati ya makazi, picha, nakala, tafsiri na malipo benki. Risiti ya benki ihifadhiwe pamoja na nakala yake.

3. Iandikwe hati ya uwakilishi mbele ya notari, ili mwenzi aweze kupeleka karatasi na kufuatilia faili. Hati hiyo haichukui nafasi ya alama za vidole na picha, ambazo kila mtu hutoa mwenyewe.

4. Mwajiri aombwe kwa maandishi siku moja ya kazi bila safari, mara moja. Kampuni nyingi hukubali siku iliyotajwa wiki mbili kabla kuliko ruhusa ya ghafla wakati lori limeshapakiwa.

5. Familia nzima ifike siku hiyo pamoja. Faili likipokelewa, risiti isomwe palepale kuhakikisha majina na tarehe ni sahihi.

Orodha ya viambatanisho na ada ichukuliwe CGM kwenyewe, katika wiki ileile ya kuomba, kwani ada hubadilika. Orodha ya jirani aliyeomba mwaka juzi isitegemewe.

Kadi ikichelewa au ikikataliwa

Raia wa Jumuiya anayeingia nchi nyingine mwanachama hupewa pasi ya kukaa, ambayo kwa kanuni za Itifaki inaweza kufika miezi sita. Tarehe iliyogongwa katika paspoti ndiyo inayohesabika. Familia isiiache tarehe hiyo ipite kwa matumaini kwamba kadi iko njiani. Iende kuomba kuongezewa muda kabla.

Maombi yakikataliwa, mwombaji adai sababu kwa maandishi. Kanuni zinampa haki hiyo na haki ya kukata rufaa. Mara nyingi sababu iliyoandikwa ni ya kurekebishika, mfano cheti kisichothibitishwa au kipato kisichoeleweka. Kataa ya mdomo haina pa kuanzia.

Watu wanaojitolea kufanikisha kadi kwa malipo nje ya mlango wa ofisi huwapata zaidi wale wasio na muda, na mfanyakazi wa zamu ndiye wa kwanza. Fedha ya serikali hulipwa benki. Anayeitaka mkononi haipeleki serikalini.

Hali maalumu

Mwenzi akiwa Mrundi, sheria inawatofautisha wanawake na wanaume. Chini ya Sheria ya Uraia ya tarehe 18 Julai 2000, mwanamke wa kigeni anayeolewa na Mrundi anaweza kupata uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mrundi hapati nafasi hiyo na hubaki kutegemea kadi ya ukaazi. Mtanzania anayefikiria njia ya uraia aulize kwanza ubalozi wake, kwani Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima isipokuwa katika mazingira machache.

Wakongo wana historia yao. Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa mwaka 1976 na Burundi, Rwanda na Zaire, na wakazi wa Uvira na Bujumbura walizoea karatasi zake. Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Anayetoka Uvira aulize CGM faili lake litashughulikiwa kwa utaratibu upi kabla ya kulipa chochote.

Waliokimbia vita hawahusiki na kadi hii. Makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia Burundi mwanzoni mwa 2025, na wao husajiliwa na ofisi ya serikali ya wakimbizi, ONPRA. Mkimbizi asiombe kadi ya familia ya mfanyakazi bila kwanza kuuliza itaathiri vipi hadhi yake.

Kwa kifupi

Mwombaji mkuu awe mwenye karatasi imara. Ndoa iwe ya serikali. Majina yaingie daftarini kabla ya yote. Saa za kazi zisizo za kawaida zielezwe kwa maandishi na mwajiri, zisifichwe. Mkataba utiwe saini vyeti vikiwa tayari. Na karatasi za familia zilale nyumbani na familia, kwa sababu anayegongewa mlango alfajiri ni yule aliyebaki.